Mchora vibao wa Mushaki anayepokea simu za chuo kikuu

Saa tatu asubuhi ukungu bado umekalia vilima vya Mushaki, na Floribert Kasika yuko kwenye herufi ya nne. Bati alilolipaka nyeupe jana limeegemezwa ukutani mwa duka. Brashi ameishika karibu kabisa na manyoya yake, kidole cha mwisho kikiegemea bati ili mkono usicheze. Nyuma yake ng'ombe wanapandishwa malishoni, na lori la viazi linapiga honi likiteremka kwenda Sake. Hageuki.

Simu inaita. Anajifuta vidole kwa kitambaa chenye harufu ya petroli, anapokea.

"Allo? Ndiyo, njo mimi, Floribert. Hapana, Papa, mi siko wa chuo kikuu. Mi njo ule aliandika pano, ile kibao... Miche ya avoka? Iko, lakini iko Sake. Kuja Alhamisi, uulize Papa Omer. Bure, hakuna kulipa. Aksanti, Papa."

Anaiweka simu juu ya kopo la rangi na kuchukua tena brashi.

"Huyu iko Bweremana," anasema. "Jana mumoja wa Masisi alitaka mbabula, jiko ya kupikia ile haikule makala mingi. Mwengine aliuliza kama batoto yake bataingia chuo kikuu bure akipanda miti. Nikamwambia hapana. Akakata simu na hasira. Hasira yake ilikuwa kwangu, haikuwa kwa chuo kikuu."

Kasika ana miaka arobaini na saba. Hajawahi kukaa darasani chuoni wala hayumo katika orodha ya waajiriwa wake. Lakini kwa watu wengi wa barabara ya Sake hadi Masisi, Chuo Kikuu cha Nyanda za Juu ni yeye.

Sababu yake ni ndogo. Chuo kilipomwagiza vibao vya kutangaza kazi zake za mazingira, hakikutaka namba ya simu iandikwe. Kasika aliandika yake, kona ya chini upande wa kulia, pamoja na jina lake, kama afanyavyo kila fundi wa kazi hii anayetafuta mteja mwingine.

Alifika Mushaki akiwa kijana, akabeba magunia. Mama Kaswera, mfanyabiashara kutoka Butembo ambaye duka lake ndilo linaloegemewa na bati la leo, anakumbuka siku alipomtambua.

"Alikuwa anaandika bei ya chumvi na makala kwa ukuta yangu," anasema. "Nikaangalia ile maandishi. Nikasema, huyu muntu mukono yake iko muzuri kushinda mugongo yake."

Alimnunulia kopo la kwanza la rangi. Tangu hapo Kasika amechora maduka, zahanati, vinyozi na makanisa. Kibao kimoja humpatia kati ya dola kumi na kumi na tano. Kuna miezi anachora vitano, na kuna miezi ya milio ya risasi ambapo hakuna anayefungua duka, achilia mbali kulitangaza.

Ndiyo maana mwaka 2009, chuo kilipokuja na kazi ya vibao vingi kwa pamoja, hakuuliza maswali.

Mpango wa chuo ulikuwa kupanda miti kwenye vilima vilivyobaki uchi, kuzuia udongo usibebwe na mvua, na kufundisha kutengeneza mbabula zinazotumia makaa machache. Wanafunzi wa idara ya mazingira walianzisha kitalu cha miche chini ya kilima kimoja karibu na Mushaki. Kisha ikaja siku ya uzinduzi.

Watu wanaikumbuka vizuri. Palikuwa na hema, viti vya plastiki, fulana za kijani na hotuba tatu za Kifaransa. Vipeperushi viligawiwa, navyo vilikuwa vya Kifaransa. Wiki hiyo hiyo sokoni karanga zilifungiwa humo. Picha zilipigwa, magari yakaondoka kabla ya mvua, na juu ya kilima kikabaki kibao cha Kasika:

MSITU WA CHUO KIKUU CHA NYANDA ZA JUU. KWA MAENDELEO ENDELEVU.

Omer Batumike, mhadhiri msaidizi aliyesimamia mpango huo, ndiye aliyemwandikia maneno hayo. Alipoulizwa na gazeti hili kwa nini jina la chuo lilitangulia, hakuzunguka. "Wafadhili wanataka kuona chuo kinafanya nini. Mti mmoja hauonekani kwenye picha. Kibao kinaonekana."

Neno la mwisho lilikuwa na safari yake. Hakuna aliyelitumia Mushaki. Kasika mwenyewe alilinakili herufi kwa herufi. Watu waliokuwa wakipita walilisoma na kulitafsiri kwa akili zao: endelevu ni kitu kinachoendelea. Kinaendelea kwenda wapi? Wakatazama kilima cha pili, na cha tatu.

"Walisema, leo hiki, kesho kile," anasema Mama Kaswera. "Chuo kikuu inaendelea tu mupaka imalize bulongo yote, udongo yetu yote."

Wakati huo wenye kilima hawakuwepo.

Mama Emérita Furaha alikimbia mwishoni mwa mwaka 2007, mapigano yalipofika Mushaki. Aliteremka na mumewe na watoto hadi Bweremana, kando ya ziwa, wakaishi kambini. Mumewe aliugua huko na kuzikwa huko. Emérita aliuza samaki waliokaushwa, akabeba mawe ya ujenzi, akangoja. Mwaka 2010, aliposikia kwamba majirani wameanza kurudi, naye akarudi.

Nyumba haikuwepo. Hilo alilitegemea. Hakutegemea kukuta mashamba ya mumewe yamesimama mistari ya grevilea na mikaratusi inayomfika magotini, na bati jeupe juu ya nguzo mbili.

"Nilisoma pole pole, mara mbili," anasema. "Nikasema labda iko macho yangu. Nikatafuta kama kuna jina ya muntu. Nikakuta moja tu, chini kabisa. Na numero."

Akaazima simu, akapiga. Mazungumzo hayo wote wawili wanayakumbuka, na wanayasimulia karibu sawa.

"Wewe njo Floribert?"

"Njo mimi, Mama."

"Kilima ya bwana yangu, ulinunua kwa nani?"

Kasika alidhani amekosea namba. Akamwambia yeye hana kilima hata kimoja, anapanga chumba.

"Jina yako iko hapa," Emérita akamjibu. "Niko naliangalia."

Mtu mwingine angezima simu. Kasika anakiri kwamba alilifikiria hilo. Kesho yake alipanda pikipiki.

Aliwakuta watu wa nyumba kadhaa waliorudi kutoka kambini, wamekusanyika juu ya kilima. Mbele yao alikuwa Védaste, shemeji ya Emérita, mdogo wa marehemu, na panga mkononi. Mistari miwili ya miche ilikuwa tayari imeng'olewa na kulazwa kando.

Huku Masisi, kupanda mti ni neno zito. Anayekodi ardhi hulima maharage na viazi, akavuna, akaondoka. Anayepanda mti wa miaka anawaambia watu wote kwamba mahali hapo ni pake na pa watoto wake. Watu wameuana kwa sababu ya mistari ya mikaratusi kama ile. Waliokuwa juu ya kilima walilijua hilo tangu utotoni, na wanafunzi waliotoka mjini Goma, kilipo chuo, hawakulijua.

"Védaste akaniuliza, chuo kikuu iko na askari wangapi?" anasimulia Kasika. "Nikasema haina askari, iko na banafunzi. Akasema, basi tutaleta benye banajua kuongea na banafunzi."

Hakuna aliyehitaji kuuliza ni akina nani. Vijana wenye bunduki walikuwa nusu siku ya mwendo kutoka pale, na wanafunzi wawili walikuwa wakilala katika kibanda cha kitalu, chini ya kilima hicho hicho.

Kasika alimpigia Omer simu akiwa amesimama katikati ya watu.

"Nilikuwa nafundisha," anasema Omer. "Nilimwambia asiguse kile kibao, kwa sababu wageni wa mfadhili walikuwa wanakuja wiki iliyofuata. Ukweli ni kwamba nilimshuku. Nilidhani anakuza mambo ili apewe kazi ya kuchora kingine. Lakini nilisema wanafunzi waondoke pale saa ile ile."

Wanafunzi waliondoka na mikoba yao. Kasika akabaki na kibao.

Anasema hakuwa na mpango wowote. Alijua tu kwamba maneno yaliyokuwa yakiwakasirisha wale watu yalitoka kwenye mkono wake, na kwamba katika mfuko wa pikipiki alikuwa na kopo la rangi nyeupe alilokuwa akilipeleka kwa mteja. Akalifungua. Mbele ya watu wote akafuta WA CHUO KIKUU CHA NYANDA ZA JUU, akafuta na mstari wa chini. Likabaki neno moja, MSITU, na nafasi nyeupe.

Watu walishangilia. Kisha likaja jambo ambalo hakulitarajia.

"Sasa andika hapo," Emérita akamwambia. "Andika, ya Mama Emérita."

"Juu ya nini ikuwe yako?" Védaste akamgeukia. "Kaka yangu alikufa. Mi njo mukubwa wa jamaa sasa. Aandike ya Védaste."

"Na batoto ya kaka yako banakula wapi?"

Sauti zikapanda. Watu wakagawanyika, wengine upande wa mjane, wengine upande wa shemeji. Kasika akafunika kopo.

"Nikawaambia, mi siko tribinali ya kukata kesi. Mara ya kwanza niliandika kitu sikujua, sababu nilitumwa. Mara hii sitaandika kitu sijui sababu ninaogopa. Nikapanda pikipiki."

Siku saba baadaye magari mawili yalipanda kilima. Omer aliwatangulia wageni, akakuta kibao hakina jina la chuo. Anakiri kwamba damu ilimpanda. Kasika, aliyekuwa amekuja kwa hiari yake ili asisingiziwe mwingine, alisimama kando ya barabara na kumwambia, "Njo mimi, Papa Omer. Uniulize mimi."

Hapakuwa na muda wa kuulizana. Emérita na wenzake walikuwa wamefika, na mmoja wa wageni, mwanamke mwenye kofia ya jua, alitaka kujua mama huyo anasema nini.

Emérita alisema maneno machache. "Ambia bageni: miti hatuichukii. Miti iko muzuri, bulongo ilikuwa inateremuka. Lakini kilima iko na benyewe. Hatukufa, tulikimbia."

Wote wakamtazama Omer atafsiri.

"Nilikuwa na Kifaransa cha kutosha kusema kitu kingine," anasema. "Ningesema mama anawashukuru. Wageni wasingejua, na mimi ningerudi Goma salama. Lakini watu walikuwa wananiangalia mdomoni, na baadhi yao wanaelewa Kifaransa kuliko wanavyoonyesha. Nikatafsiri yote."

Mgeni hakupiga picha. Aliuliza maswali marefu, kisha magari yakaondoka.

Hesabu ya siku ile ililipwa na wote. Fedha za awamu ya pili zilicheleweshwa. Omer aliitwa na wakuu wake kujieleza. Kasika hakupewa kazi ya chuo kwa muda wa miezi minne, na mwezi mmoja kati ya hiyo, anasema mkewe, Dorothée, walikula kwa mkopo wa Mama Kaswera.

"Nilimwambia, ungeacha tu ile pano yao," anasema Dorothée. "Akanijibu, wale banafunzi bawili nao beko na mama."

Baada ya hapo yalifuata mazungumzo, si mara moja wala mara mbili. Ilibainika kwamba chuo kiliuliza kama kilima kile kina wenyewe, lakini kiliwauliza wale tu waliokuwepo. Wenyewe walikuwa kambini. Mtu aliyewaonyesha wanafunzi mahali pa kupanda hakuonekana tena.

Mwishoni walikubaliana kwamba miti ni ya wenye mashamba, na watakaoikata ni wao. Chuo kitaleta miche na wanafunzi wa kujifunza, na kitaomba ruhusa kila kinapokuja. Kuhusu ugomvi wa Emérita na Védaste, wazee wa jamaa waligawa shamba: sehemu ya chini ikabaki kwa mjane na watoto wake, ya juu ikaenda kwa shemeji.

Védaste aling'oa miti yote ya upande wake na kupanda viazi. Mvua za Novemba ziliteremsha sehemu ya viazi hivyo hadi kwa shemeji yake, ambako miti iliizuia. Gazeti hili lilipomtafuta, alisema maneno manne tu: "Kila muntu na shamba." Mwaka huu amepanda viazi tena.

Kibao kilichoko kilimani leo kiliandikwa kwa maneno yaliyosemwa na watu wenyewe, Kasika akiandika, Omer akiwa amesimama nyuma yake:

MITI HII NI YA WENYE KILIMA. CHUO KIKUU KILISAIDIA KUPANDA.

Neno endelevu halimo. Omer alipendekeza waandike "ya kudumu", watu wakakataa na hilo, wakisema kwamba huku hakuna aliyewahi kuona kitu cha kudumu.

Njia ya chuo ya kuzungumza na watu nayo imebadilika, ingawa si kwa kishindo. Kabla ya kupanda mche wowote, Omer huja siku ya soko na kukaa. Kasika huandamana naye kwa posho ndogo. Jumamosi redio ya hapa huwapa muda wa kujibu maswali, na wengi wanaopiga humuita Kasika "Papa Chuo Kikuu", jina ambalo halipendi. Vibao vipya vina namba ya chuo. Hata hivyo watu bado wanapiga ya Kasika.

"Ile ya chuo kikuu, kisha ya saa sita ya muchana hakuna muntu," anasema Kasika na kucheka kidogo.

Omer naye ana vita vyake vya ofisini. Ripoti bado inadai idadi ya miti iliyopandwa na picha za kijani. "Sasa naandika pia iliyong'olewa, na sababu yake," anasema. "Hawajafurahi. Lakini hawajanifukuza."

Kazi ya chuo inatazamia kupanuka hadi wilaya ya Walikale, ambako msitu ni mzito na watu wanaishi kwa mihogo, mpunga na uwindaji. Hapo ndipo sauti ya Kasika inapobadilika.

Huko ndiko kwao. Alizaliwa Kibua, kijiji cha Walikale. Baba yake alimwachia yeye na kaka zake wawili shamba linaloishia msituni. Kaka zake waliondolewa na vita, mmoja yuko Kisangani, wa pili hajulikani alipo. Kasika hajakanyaga Kibua tangu mwaka 2003. Kila alipojiandaa kwenda, barabara ilishikwa na kundi hili au lile.

Mwezi wa kwanza mwaka huu mchuuzi mmoja aliyetoka huko aliingia dukani kwa Mama Kaswera kununua sabuni. Akamsimulia kwamba kwenye njia inayoingia katika shamba la mzee Kasika kumesimamishwa kibao kipya, herufi za kijani, mti umechorwa juu yake.

Si kazi ya mkono wake. Hajui ni ya chuo kingine, ya kampuni, ya watu wa kulinda wanyama, au ya nani. Mchuuzi hajui kusoma.

"Nilimuuliza, herufi ziko ngapi? Ziko kubwa ao ndogo?" anasema Kasika. "Akanishangaa. Akasema, Papa, iko pano tu."

Ameanza kuweka akiba ya safari. Dorothée hataki aende kabla barabara haijatulia, Kasika naye anasema amengoja hiyo barabara miaka minane. Anataka kufika kabla ya mvua za Septemba kukatika. Tulipomuuliza kama atabeba rangi yake, alitikisa kichwa.

"Rangi itabaki hapa," anasema. "Nitapeleka miche ya michikichi. Nitaipanda mbele ya ile pano, muchana, bantu wote banione. Halafu nitakaa pale, ningoje mwenye aliisimamisha akuje aniulize mi ni nani."